Sindano Iliyovunjikia Kwenye Koti la Jina

Nakumbuka Alhamisi moja nina miaka kumi na saba, nimekaa mbele ya cherehani ya mkono ya mama pale nyumbani Musoma, nikasikia tak, na mkono ukanigandia kwenye gurudumu. Mwanangu, katika umri huu nimesikia sauti nyingi za kutisha. Nimesikia fisi wakilia nyuma ya zizi hapa Butiama, nimesikia radi ikipasua mti ng'ambo ya uzio wangu. Lakini hakuna iliyonikaa mwilini kama ile tak ya sindano kuvunjika.

Najua unachowaza. Bibi naye, sindano tu, si unabadilisha? Ndiyo, nilibadilisha. Hilo ndilo kosa ninalotaka kukusimulia, na usinikatize, maana habari hii hunichosha kila nikiirudia.

Dada yangu Nyasatu alikuwa ameolewa Bukima, kule ziwani, na kijana mmoja mpole anaitwa Magesa. Mimba yake ya kwanza ilipokaribia kutimia alikuja kwetu Musoma kujifungulia, akapata mtoto wa kiume. Baba mkwe wake, Mzee Mafuru, alikuwa amefariki miezi michache kabla, kwa hiyo jina halikuwa na mjadala. Mtoto ni Mafuru. Sasa ukoo ule ulikuwa na desturi yao ambayo mimi sijaiona kwingine. Mtoto akipewa jina la marehemu, hushonewa kinguo kutoka kwenye nguo ya marehemu mwenyewe, na siku ya kupewa jina hukivaa tangu asubuhi mpaka jua lizame. Kinguo hicho kina masharti. Kishonwe na msichana wa upande wa mama. Kianze na kuisha siku hiyo hiyo moja. Na chombo cha kushonea kisivunjikie juu yake, maana kikivunjika, basi marehemu amemkataa mtoto.

Kutoka Bukima wakaleta koti la mzee. Koti zito la sufu ya kijivu, lenye bitana ndani, bado linanuka tumbaku na moshi wa jikoni. Msichana wa upande wa mama nilikuwa mimi. Sifa zikanipanda kichwani, sikufichi. Nilitembea mtaani siku ile nimelikunja mkononi ili watu waniulize, na kila aliyeuliza nilimjibu kwa kirefu.

Kushona nilikuwa nafundishwa nyumbani na jirani yetu, Bi Mwajuma, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walikuja na biashara kutoka Tabora wakaishia Musoma. Alikuwa anashona barazani kwake, na mimi nilikuwa navuka uchochoro kila nikimaliza kazi za mama, nakaa miguuni pake. Alinifundisha kupiga bandi kwanza, ile mishono mirefu ya mkono ya kushikizia, kabla ya kugusa mashine. Alinifundisha kufumua mshono bila kuchana kitambaa, kupinda pindo, kupunguza kiuno cha gauni na kuacha nafasi ya kutosha ndani, kwa sababu, alisemaga, mwenye gauni atanenepa tu na atarudi kwako. Kutia kiraka kisionekane. Yote hayo nilikuwa nayajua, na nilikuwa nayajua vizuri.

Lakini siku ya kwanza kabisa, kabla hajanipa hata uzi, Bi Mwajuma alinishika kidevu akaniambia hivi: "Wewe mtoto, sindano ikivunjika, usinyanyuke. Hata nyumba ikiungua, unyanyuke na vipande vyote mkononi. Ukose chakula, ukose usingizi, ila usikose kipande. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Sikio halilali na njaa, linasikia kila kitu. Shida iko kwingine.

Basi Alhamisi ile nilianza asubuhi na mapema. Nikafumua koti lote, nikalipiga pasi ya mkaa, nikampima mtoto amelala, nikakata. Nilikuwa na hofu ya mkasi, kwa sababu nguo ya marehemu ukishaikata hairudi, lakini mkono ulinitii. Mbele, nyuma, kola ndogo, bitana. Mpaka saa tisa kikoti kilikuwa kinasimama. Kilibaki kuunganisha mikono, na Ijumaa alfajiri tulikuwa tunapanda lori kwenda Bukima. Jua nalo lilikuwa linateremka, na sharti ni siku moja.

Pale kwapani, mwanangu, ndipo penye kazi. Zinakutana sufu mbili na bitana mbili, halafu na mshono wa ubavuni umejikunja humo humo. Bi Mwajuma alinifundisha kwamba ukifika mahali kama hapo unaweka sindano nene, unapondaponda mshono ulegee, halafu unazungusha gurudumu taratibu, tundu moja moja. Mimi nilikuwa na sindano nyembamba niliyokuwa nimepindia gauni la mama jana yake. Kuibadilisha ni dakika mbili. Nikasema acha, nimebakiza shimo moja tu la mkono. Nikazungusha kwa nguvu. Tak.

Kipande cha juu kilikuwa bado kimeshikwa na mashine. Cha katikati nilikikuta juu ya bamba. Ncha sikuiona. Nikapapasa sufu, nikapapasa mapaja yangu, nikainama nikatazama sakafu, ile sakafu ya udongo tuliyokuwa tunaisiliba kwa mavi ya ng'ombe. Kwa giza la chumba kile, hata shilingi usingeiona. Hapo mama akaita kutoka uani, "Nyangeta, umemaliza?"

Nikajibu, "Bado kidogo, mama."

Sauti ilitoka nzima kabisa, mpaka mwenyewe nikashangaa. Wala sikuwa nawaza mtoto kuchomwa. Nilikuwa nawaza sharti. Chombo kimevunjikia juu ya koti. Nikisema, mama atapiga yowe, Nyasatu ataanza kulia, watu wa Bukima wataambiwa, na mzee aliye kaburini atakuwa amemkataa mjukuu wake kwa mikono yangu. Nilimwogopa maiti kuliko nilivyomwogopa Mungu aliye hai. Unaweza kucheka, umezaliwa na umeme. Mimi nilikuwa peke yangu na koti la mtu aliyekufa linanuka tumbaku yake.

Nikachukua vile vipande viwili nikavifunga kwenye ncha ya kanga yangu. Nikaweka sindano nene, ile ile niliyoona uvivu kuiweka mwanzo, nikamaliza mshono. Ulikuja mzuri, ungeupenda. Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo nalijutia kuliko kunyamaza kwenyewe. Nikachukua ufagio nikafagia chumba, vitambaa, nyuzi na vumbi, nikaenda kumwaga kwenye jalala nyuma ya choo. Mama akanisifu kwamba siku hizi nimekuwa msafi.

Siku ya pili tulipanda lori. Nyasatu alikaa mbele na dereva kwa sababu ya mtoto, mimi na mama tukakaa nyuma juu ya magunia. Kikoti nilikuwa nimekipakata ndani ya kitambaa cheupe, na njia nzima vidole vyangu vilikuwa vinakiminya. Nilianzia kola, nikashuka bega, nikazunguka kwapa, nikarudi. Kila lori liliporuka nilipoteza pale nilipofikia, naanza upya. Sufu nene inaficha, na mimi nilikuwa nimeshonea bitana juu yake. Mara nilihisi kitu, nikaminya, nikakuta ni fundo la uzi. Mara tena. Nikajiambia ncha iliruka, ncha iko kwenye jalala letu Musoma, kuku wanaichakura. Nikajiambia hivyo mpaka tukafika, na moyo ulikataa kuamini.

Mama alikuwa amekaa mkono wa kulia kwangu njia yote hiyo. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kuanzia kutoka Musoma mpaka kushuka Bukima. Nilimwambia habari za vumbi.

Jumamosi asubuhi uwanja ulikuwa umejaa watu. Wanawake walikuwa wamepika ugali wa muhogo na sato, wazee wamekaa kwenye viti vya kukunja ukutani. Mama mkwe wa Nyasatu, mjane wa Mzee Mafuru, mwanamke mrefu asiyesema sana, alikipokea kikoti kwangu kwa mikono miwili. Akakinusa. Machozi yakamtoka, akaniambia, "Ahsante, mwanangu. Umemleta nyumbani." Niliona aibu, nikatazama pembeni.

Mtoto akavishwa. Mdogo wake marehemu, mzee mmoja mwenye sauti kubwa ambaye ndiye alikuwa msemaji wa ukoo, akamwinua juu akamwita jina mara tatu. Mafuru. Watu wakaitikia. Mtoto akatulia, anatazama mwanga. Nikashusha pumzi, nikasema moyoni, umeona, ilikuwa jalalani.

Nyasatu akampokea, akamlaza kifuani, na mkono wa mtoto ukabanwa. Mtoto akapiga kelele.

Mwanangu, nimelea watoto sita na wajukuu siwahesabu. Mtoto ana kilio cha njaa, ana cha usingizi, ana cha deko. Kile kilikuwa kilio cha maumivu, na mimi nilikijua hata kabla sijazaa. Nyasatu akamnyonyesha, mtoto akakataa titi. Wakamvua kikoti wampepee, akanyamaza. Wakamvisha tena, akatulia kidogo, alipobebwa tu akapiga kelele mpaka akawa mweusi. Wakamvua, akanyamaza.

Mara ya tatu ilipotokea hivyo, hata waliokuwa wanakula waliacha. Mzee msemaji akasimama, akaweka mikono nyuma, akasema kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionitisha: "Mtoto anaikataa nguo. Au nguo inamkataa mtoto. Kaka yangu nilimjua. Hakuwahi kukataa damu yake."

 Wanawake waliokuwa karibu na Nyasatu wakasogea pembeni kidogo kidogo, kila mmoja akijifanya ana shughuli kwenye sufuria. Shemeji Magesa akatazama chini. Nyasatu alikuwa amekaa mkekani na mtoto mapajani, anageuza macho kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na nikaona ameelewa. Walikuwa wanasema mtoto si wa Magesa. Walikuwa wanasema dada yangu, ambaye hakuwahi hata kumdanganya mama kuhusu sukari, amezaa nje ya ndoa na marehemu amemfichua.

Utadhani hapo nilisimama. La. Nilibaki nimekaa. Naomba unisikie vizuri hapa, kwa sababu watu wakisimulia ujana wao hujipunguzia. Niliwaza kwamba nikisema sasa, kila mtu atajua kwamba nilijua tangu Alhamisi. Jambo ambalo Alhamisi lingekuwa la mimi na mama, sasa lilikuwa mbele ya ukoo mzima. Kila saa niliyonyamaza ilikuwa imeliongezea uzito, na mimi ndiye niliyeliongeza. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nikaishika ile ncha ya kanga yenye fundo, nikaifinya mpaka kipande cha sindano kikanichoma kiganja.

Mzee akasema, "Tumvishe mara moja ya mwisho. Akilia, Magesa atajua la kufanya na mkewe." Akamfunika Nyasatu kwa kivuli chake, akanyoosha mkono achukue kikoti. Nyasatu akanitazama. Hakuwa ananiomba kitu, maana hakujua lolote. Alitafuta tu uso wa mtu wa kwao kati ya wale watu, na uso alioukuta ulikuwa wangu.

Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha. Nikasema, "Kuna sindano humo."

Mzee akauliza, "Unasemaje?"

"Ilivunjika nikishona kwapa. Ncha sikuiona. Nilificha."

Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, na ningeshukuru. Hakuna aliyenipiga. Mjane wa Mzee Mafuru alikuja, akakichukua kikoti kutoka mkononi kwa shemeji yake, akaomba wembe, akaketi chini, akafumua kwapa la kushoto. Hamna. Akafumua la kulia. Alipokunja bitana, ikang'aa. Ncha ilikuwa imelala ndani ya mshono niliousifu, imeelekea ndani, na ukiubana mkono wa kikoti inatokeza. Nyasatu akamgeuza mtoto. Chini ya kwapa palikuwa na alama nyekundu tatu, na moja ilikuwa na tone la damu.

Mama yangu akajifunika uso kwa kanga. Nyasatu alimkumbatia mtoto akaanza kulia kwa sauti ya chini, na Magesa akaja akapiga magoti karibu naye mbele ya wazee wote.

Mjane akanitazama akiwa bado amekaa. Maneno yake nimeyabeba maisha yangu yote. "Binti, sindano ni chuma. Chuma huvunjika. Mimi hapa nimevunja majembe, nimevunja vyungu, hata moyo wangu umevunjika mwaka huu. Ungeniambia jana ningecheka na wewe, tungetafuta wote. Lakini ulikaa pale ukala samaki wangu, ukamwacha mume wangu kaburini aitwe mkatili, na dada yako aitwe mzinzi, kwa ajili ya sindano?"

 

Halafu akaniuliza, "Vipande vingine viko wapi?" Nikafungua fundo la kanga. Cha juu na cha katikati. Akaviweka juu ya jiwe jeupe pamoja na ile ncha, akavisogeza vikagusana. Kisha akamtuma mtu kwa jirani mwenye cherehani kuazima sindano nzima ya aina ile ile, akailaza pembeni. Mwanangu, nilisogea karibu nikatazama. Vile vitatu kwa pamoja vilikuwa vifupi kuliko sindano nzima. Vilipungua kiasi cha punje moja ya ulezi.

Kulikuwa na kipande cha nne.

Walifumua kikoti chote. Walikiminya, walikikung'uta juu ya shuka nyeupe, wakatenganisha uzi na uzi. Hakikuonekana. Wakaniuliza, chumba ulichoshonea kikoje? Nikawaambia nilifagia. Wakaniuliza, takataka ziko wapi? Hapo hata yule mzee mwenye sauti kubwa alikaa chini.

Jina lilithibitishwa jioni ile ile, mtoto akiwa amefunikwa kanga ya bibi yake. Mzee alimwomba Nyasatu radhi mbele ya watu, na alifanya kwa heshima, sina la kumlaumu. Tukampeleka mtoto hospitali. Daktari akambonyeza mwili mzima, akasema haoni uvimbe wala jeraha zaidi ya vile vitundu, inawezekana kabisa hakuna kitu, mwangalieni. Basi tukamwangalia.

Unajua maana ya kumwangalia mtoto? Akipata homa, na watoto wa ziwani wanapata homa kila mara, dada yangu alikuwa anamvua nguo kwanza na kumkagua kwapa kabla ya kumpa dawa. Alipoanza kutambaa akakawia kidogo upande wa kulia, Nyasatu hakulala. Alipokohoa nami nikasikia habari huko Musoma, niliacha chakula. Nilisoma uso wa kila mtu aliyetoka Bukima kabla hajanisalimia. Malaria ikapita, surua ikapita, na kila ugonjwa ulipokuja nilisema ndiyo hiyo, imefika moyoni. Kipande chenyewe pengine kiliishia jalalani siku ile ile. Pengine. Ningetafuta Alhamisi, nikiwa nimepiga magoti na taa mkononi, ningejua. Kwa sababu nilifagia, sitajua kamwe, na hofu isiyo na jibu haizeeki.

Niliporudi Musoma nilimweleza Bi Mwajuma. Nilidhani atanifukuza. Alimaliza pindo alilokuwa analipinda, akakata uzi kwa meno. "Kosa la mkono hurekebishwa na mkono," akasema. "Kosa la mdomo uliofungwa nani atalifumua?" Akanipa gauni nipunguze kiuno. Nilikataa. Nilikaa mwaka mzima sijagusa cherehani.

Dada yangu alinisamehe kwa mdomo siku ile ile, maana alikuwa mwema. Lakini hakuniruhusu kumvisha mtoto. Nikienda Bukima nilikuwa nambeba, namwogesha, namlisha, na ikifika wakati wa nguo dada ananyoosha mikono anamchukua. Hakuwa anafanya kwa ubaya, nadhani hata hakujua kwamba anafanya. Mimi nilijua. Kila mara nilijua.

Mafuru alipoanza shule, nilikuwa nimeshaolewa huku Butiama, Nyasatu akaja kunitembelea na yule mtoto. Kaptula yake ya shule ilikuwa imechanika nyuma kwa kupanda miti. Nikaona dada anaitoa kwenye mfuko, anaigeuza, anairudisha, anaitoa tena. Mwishowe akaniwekea mapajani. Hakusema "nishonee". Aliketi karibu yangu, magoti yakigusana, akatazama kila tundu nililolitia, kiraka chote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilishona kwa mkono, polepole, jasho linanitiririka. Nilipokata uzi akaniuliza, "Sindano nzima?"

Nikamwonyesha. "Nzima."

Akaipokea kaptula, akaipitisha vidole, kisha akamwita mtoto akanipa mimi nimvishe.

Tangu siku ile, mpaka tukazeeka sote wawili, kila nilipomaliza kumshonea kitu aliniuliza vile vile. Hata alipokuwa mgonjwa kitandani Bunda kwa Mafuru huyo huyo, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, nilimpunguzia gauni la kulalia kwa sababu alikuwa amekonda. Sauti ilikuwa imemwisha. Akanitazama tu, akanyanyua kidole. Nikainua sindano aione, nikamwambia nzima, dada. Ndipo akakubali nimvishe. Wiki ile tulimzika, na mimi ndiye niliyemvisha hilo gauni la mwisho.

Sasa, mwanangu, mnajifunza kushona ndani ya nyumba zenu, mnatazama kwenye simu, mnafumua na kukuza na kupunguza nguo kwa umeme, na mimi nafurahi. Shona. Kosea pia, maana asiyekosea hajashika kazi. Ukifika penye unene, simama, badilisha sindano, zungusha gurudumu kwa mkono. Ukiona nguo ya mtoto, ipitishe vidole vyako kwanza, halafu uipitishe kwenye shavu lako. Chuma kikivunjika, tafuta vipande vyote, viunganishe, linganisha na kizima, na usiguse ufagio mpaka hesabu imetimia.

Na likikushinda, sema. Sema wakati jambo bado dogo, wakati anayelijua ni wewe na mama yako tu uani. Usingoje mpaka mwingine anaitwa mzinzi kwa kosa lako. Usimwachie marehemu, wala shetani, wala mchawi, wala bahati mbaya, kazi ya kubeba kile ulichokifanya kwa mkono wako. Utaogopa kusema, najua. Ogopa hivyo hivyo useme. Hofu ya kusema ni ya saa moja. Ile ya kunyamaza mimi nimekaa nayo zaidi ya miaka hamsini, na bado nikisikia mtoto wa mtu analia akibebwa, nashika kwapa langu.

Mungu akulinde mikono na akulegezee ulimi. Akupe kazi isiyomchoma mtu, na akupe ndugu ambaye baada ya kosa lako atakuwekea tena nguo mapajani. Na kila utakayemshonea avae akiwa na amani, alale nayo, aamke nayo. Amina.